Herufi Zisizo na Pembe

Mpira wa tairi haukubali pembe. Kisu kikigeuka ghafla, mpira huanza kuchanika palepale kwenye kona, na muhuri ukishagongwa juu ya magunia mengi kipande kizima hubanduka. Kwa hiyo Mbaé alizungusha kila kona. Gunia nalo halipokei mstari mwembamba. Wino huzama katikati ya nyuzi na kupotea. Kwa hiyo alinenepesha kila mstari. Hakuwa na sababu nyingine. Herufi zilizotoka zilikuwa nene, za mviringo, hazina mkia wala madoido, na wapagazi wa bandari ya Mahajanga, Madagaska, waliziita mokari, jina la vile vitumbua vya mchele vinavyouzwa barabarani asubuhi.

Kabla ya uhuru, mihuri ya magunia ya sukari ilitoka Ufaransa, na iliandika SUCRE. Baada ya uhuru, kampuni yenye kiwanda cha sukari Dzamandzar, katika kisiwa cha Nosy Be, iliamua kuwa sukari ya kuuzwa nchini iandikwe kwa Kimalagasi. Kukawa na maneno mapya: SIRAMAMY, na chini yake NOSY BE. Nosy Be ina magari machache na tairi kuukuu chache zaidi, ilhali Mahajanga tairi za malori zimelala kila uchochoro. Mbaé alikuwa mpagazi aliyeumia mgongo, mwenye kisu kizuri na mkono mtulivu. Alipewa kazi hiyo. Kila msimu ulipokaribia alikata mihuri mipya, ikapakiwa kwenye meli ya pwani, na yeye akalipwa na stoo ya kampuni iliyoko bandarini.

Kazi hiyo ndiyo iliyoweka nyumba yake mahali pamoja. Alikaa Antanimasaja, katika vyumba viwili vya kupanga, pamoja na mkewe Hadidja na binti yao Zaïnabou, aliyekuwa ameanza shule.

*

Siku moja Hadidja alirudi kutoka sokoni na samaki mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika karatasi kubwa iliyokunjwa. Alimkuta mumewe amekaa kizingitini, tairi katikati ya magoti.

"Baba Zaïnabou, umeanza kuwafanyia kazi watu wa sinema?"

"Sinema gani?"

"Hii." Aliikunjua karatasi sakafuni. Ilikuwa bango, bado lina unyevu wa gundi nyuma.

"Umelibandua ukutani?"

"Lilikuwa linabanduka lenyewe. Nimelisaidia."

Juu ya bango, kwa rangi nyekundu, liliandikwa neno moja, SINEMA, refu kuliko mkono. Mbaé alilitazama bila kuweka kisu chini. Kisha akakiweka.

"Herufi ni herufi," alisema. "Zina mwenyewe?"

"Hizi zina mwenyewe. Hesabu: S, I, N, E, M, A. Hakuna hata moja hapa isiyokuwamo kwenye gunia letu."

"Maneno mengi yana herufi hizo."

"Haya, angalia S."

Hakuhitaji kuambiwa. Ile S ilikuwa na kichwa kikubwa na kalio dogo, kama mtu aliyejitwika mzigo. S za mabango mengine ya mjini hazikuwa hivyo, na Mbaé alikwisha kulitambua jambo hilo siku nyingi. Aliona ni mkono wake tu, kama vile kila mwanamke anavyosuka ukili kwa mkono wake.

"Basi wameipenda," alisema.

"Wameipenda! Mtu akikipenda chungu changu atakibeba?"

"Mama Zaïnabou, samaki wataharibika."

Hadidja aliingiza samaki ndani. Bango alilikunja vizuri, akaliweka chini ya godoro.

*

Wiki ile ile Mbaé alikwenda stoo kuchukua oda ya msimu. Mtunza stoo aliitwa Assoumani, naye, kama Mbaé, mtoto wa Wangazija wa mjini, aliyesali naye msikiti mmoja. Kwa kawaida walimaliza mambo yao wamesimama.

"Karibu, fundi. Kaa."

"Ukiniambia nikae, kuna habari mbaya."

"Kaa kwanza, mbaya utaisikia ukiwa umepumzika."

Habari ilikuwa hii. Wachapaji fulani wa mji mkuu, Tananarive, watu wa mabango na magazeti, walikuwa wametengeneza seti ya herufi za mbao, na sasa walitaka kuiuzia kampuni mihuri ya mpira iliyofuata seti hiyo, iliyomiminwa kwa mashine. Walikuwa wameipeleka karatasi ya mfano Dzamandzar. Assoumani aliiona nakala yake.

"Wamezipa na jina," alisema. "Boina, jina la pwani yetu hii."

"Herufi zina jina?"

"Hizi zinalo. Karatasi inasema: nene, za mviringo, za vichwa vya habari na matangazo makubwa."

"Na ni zangu?"

Assoumani alifuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. "Mwaka jana alikuja bwana mmoja na koti. Aliomba gunia tupu. Nikampa. Nilidhani anakwenda kubebea mchele."

"Bwana mwenye koti abebe mchele?"

"Ndugu yangu, mimi nahesabu magunia. Sijafundishwa kuhesabu makoti."

Nje, wapagazi walikuwa wakipokezana magunia kwa wimbo wa matusi, na mmoja aliita ndani, "Fundi Mokari! Rudi kundini, mgongo ukipumzika sana unaota kutu!" Wengine wakacheka. Mbaé aliinua mkono kuwaitikia, kama adabu ilivyotaka.

"Nani anaamua?" aliuliza.

"Meneja, kule kiwandani. Na ataamua kabla miwa haijaanza kukatwa. Ukitaka kusema neno, lisemee huko. Mimi hapa nikilisema, litaishia kwenye mlango huu."

Hapakuwa na haja ya kufafanua zaidi. Bila mihuri, Mbaé angerudi kubeba, na kila mtu aliyemjua alijua kwamba mgongo wake hautamaliza msimu. Kodi ya vyumba viwili isingelipika. Hadidja na mtoto wangerudi Nosy Be, kwenye nyumba ya mama yake huko Hell-Ville, ambako mwanamke wa Kingazija siku zote ana mlango wake. Mbaé angebaki Mahajanga akilala kwenye jamvi la watu. Nyumba nyingi za mji ule zilikwisha kugawanyika hivyo, wala hakuna aliyeita kutengana. Waliita kusubiri.

*

Walikwenda wote wawili. Zaïnabou aliachwa kwa jirani. Hadidja alisema anakwenda kumwona mama yake, na hiyo ilikuwa kweli; lakini pia alikuwa amesoma kwa masista Hell-Ville hadi akajua Kifaransa cha kusoma, na mumewe hakukijua. Yeye hakusema hivyo, wala Mbaé hakumuuliza. Mbaé alibeba mfuko wenye visu, vipande vya tairi, ubao, na muhuri wa mwaka uliopita. Bango lilisafiri ndani ya kanga za Hadidja.

Bi Kouraichia, mama mkwe, aliwapokea mlangoni.

"Mkwe wangu ameniletea nini kutoka mji mkubwa?"

"Salamu, Mama."

"Na huo mfuko?"

"Tairi."

"Mashallah. Wenzako wanaleta vitambaa." Lakini alimtengea maji ya kuoga, na chakula kilikuwa cha nazi.

Asubuhi walipanda lori la kiwanda hadi Dzamandzar. Hewa ya huko ilikuwa nzito, ina harufu ya molasi iliyochacha ijapokuwa mashine zilikuwa bado zimezimwa. Ofisini karani mwenye miwani, Mmalagasi wa makamo, aliwaambia mfuko ubaki nje kwa sababu unanuka. Mbaé alitoa muhuri na bango, akauacha mfuko kwenye ngazi. Ndani kulikuwa na kiti kimoja cha wageni. Karani alimwonyesha Mbaé. Mbaé alimtazama mkewe, na mwishowe kiti kikabaki kitupu, wote wawili wamesimama kando yake.

Meneja alikuwa Mfaransa, mmoja wa wale waliobaki. Hakuwa mkali. Alisema taratibu, akasubiri karani ageuze maneno yake kuwa Kimalagasi, kisha akaweka mezani karatasi ya mfano.

Herufi zilikuwa zote, A hadi Z, nyeusi, zimepangwa safu kwa safu. Mbaé alizitambua kumi. Zile nyingine zilitengenezwa kwa kuzifuata zile kumi, na zilitengenezwa vizuri. Hilo alilikiri moyoni. Kisha akaitafuta S. Ilikuwa na kichwa kidogo na kalio kubwa.

"Hii wameibadili," alisema.

Hadidja alifungua bango, akalitandaza juu ya meza bila kuomba ruhusa. Meneja aliweka karatasi upande mmoja na muhuri wa Mbaé upande wa pili, akainama, akatazama kwa muda. Alisema jambo fupi.

"Anasema anaona," karani akageuza.

"Anaona nini?"

"Hakusema."

Meneja aliketi tena. Alieleza kwamba mwaka ule sehemu ya sukari ingeuzwa nje, kwa hiyo baadhi ya magunia yangeandikwa SUCRE kama zamani. Wachapaji walikuwa na herufi ishirini na sita. Fundi alikuwa na ngapi?

"Kumi," Mbaé alijibu. "Ndizo nilizoombwa."

"Huna C. Huna U."

"Kimalagasi hakina C wala U, bwana," karani aliongeza kwa hiari yake, kwa lugha zote mbili. Ilikuwa kweli.

"Naweza kuzikata."

"Lete kesho neno zima," alisema meneja. "Likiwa safi, tutazungumza."

*

Alikata mchana ule, barazani kwa mama mkwe. C ilikuwa rahisi. Ni O iliyofunguliwa mlango. U ilimchukua muda kidogo, kwa sababu miguu yake miwili ilitaka unene uleule wa tumbo. Alizikata zikiangalia nyuma, kama muhuri unavyotaka, akazigongomelea kwenye ubao pamoja na R na E mpya, na mbele yao S. Hadidja alichanganya wino. Bi Kouraichia alileta kipande cha gunia, akalitandaza mwenyewe.

Muhuri ulishuka, ukainuka. SUCRE. Wino ulishika vizuri, bila doa.

Bi Kouraichia aliuza sukari ya rejareja kwa miaka mingi, na neno lile alilisoma kila siku ya maisha yake ya biashara, ingawa mengine hakuyajua. Aliinamisha kichwa upande, kisha upande wa pili.

"Hii ya kwanza mbona imesimama kwa kichwa?"

"Ipi, Mama?"

"Hii nyoka. Kichwa kipo chini na mkia juu."

Mbaé alicheka. "Ndivyo ninavyoikata, Mama."

"Basi unaikata kichwa chini."

Alimgeukia Hadidja ili wacheke pamoja. Hadidja alikuwa akifuta brashi ya wino, akaendelea kuifuta.

"Mama Zaïnabou?"

"Ni kweli," alisema.

Hakuna aliyemfundisha Mbaé herufi za Kifaransa. Alijifunza akiwa mpagazi, kutoka kwenye magunia yenyewe, na magunia yakipangwa stoo vitako vyake ndivyo vinavyoangalia nje. Mtu aliyesimama kwenye njia huona maandishi yamepinduka. B ikipinduka hujitangaza. R na A pia, na wenzake walimcheka mpaka akazisimamisha. Lakini S ikipinduka inabaki S. Mtu haoni tofauti isipokuwa unene wa matumbo yake mawili, na hakuna mpagazi aliyejali matumbo ya S.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu muhuri wa kwanza."

"Na hukusema."

"Gunia lilisomeka." Akaiweka brashi chini. "Na niliizoea. Nikiiona mahali nilijua ni mkono wako."

"Kwa hiyo kampuni nzima, bandari nzima, imekuwa ikitazama S ya mjinga."

"Hakuna aliyetazama, Baba Zaïnabou. Isipokuwa mimi, na wale wezi. Na wao waliichukua hivyohivyo ilivyo, wakaibandika ukutani, ndiyo maana tumewajua."

"Kisha wakaisahihisha."

"Kisha wakaisahihisha."

Bi Kouraichia aliona amesema neno kubwa kuliko alivyokusudia. "Mimi ni mtu mzima, macho hayaoni," alisema, akaingia ndani na sufuria isiyohitaji kuingizwa.

Mbaé alikaa na ubao mapajani. Palikuwa na njia mbili, na zote mbili hazikuwa nzuri. Akiiacha S ilivyo, meneja angepata neno lenye kosa, na kosa hilo sasa lilijulikana hata na muuza sukari. Akiigeuza, muhuri wake ungefanana na karatasi ya wachapaji kama yai na yai.

"Tuiache," Hadidja alisema. "Ndiyo ushahidi wetu."

"Ushahidi tumekwisha kumwonyesha. Kesho anataka neno safi."

"Ukiigeuza atasema umewaiga wao."

"Nisipoigeuza atasema sijui kuandika. Mtu asiyejua kuandika hapewi kazi ya kuandika."

Aliingiza ncha ya kisu chini ya mpira, akang'oa misumari midogo mmoja mmoja, akaizungusha S, akaigongomelea tena. Haikuhitaji kukatwa upya. Hadidja alitandaza kipande kingine cha gunia. Neno lilitoka zuri kuliko la kwanza, na hilo lilimuudhi.

*

Meneja aliuweka muhuri juu ya karatasi ya mfano, akaulinganisha herufi kwa herufi. Akaugonga juu ya gunia lililowekwa tayari. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema maneno mengi kuliko jana.

Karani aligeuza. Kazi ilikuwa safi. Meneja asingependa kungoja mihuri ya mashine kutoka Tananarive wakati msimu upo mlangoni. Fundi aliye karibu ni bora. Kuhusu mambo ya bango, alisema kwamba yeye anauza sukari. Wachapaji wamekwisha kuandikisha seti yao, na kampuni haitaki kesi na mtu. Lakini wachapaji wenyewe walileta karatasi ya pili, endapo kampuni ingependa kutumia fundi wake. Fundi akitia sahihi, kazi ni yake, msimu huu na misimu inayofuata.

"Karatasi inasemaje?" Mbaé aliuliza.

Karani alianza kueleza. Hadidja alinyoosha mkono, na karani, kwa mshangao, akampa. Alisoma midomo ikitembea. Kisha akamwambia mumewe kwa Kingazija, ambacho wengine hawakukisikia vizuri:

"Inasema kwamba herufi unazokata umeziiga, na kwamba wamekupa ruhusa."

"Nimeziiga kutoka wapi?"

"Kwao."

"Inasema hivyo?"

"Inasema: kutoka seti ya Boina."

"Na kazi?"

"Kazi ni yako. Hilo nalo limeandikwa."

Mbaé aliutazama muhuri wake mezani. S yake ilikuwa na kichwa kidogo na kalio kubwa. Meneja alisubiri, akitazama dirishani kwa heshima. Kule nje vibarua walikuwa wakipaka rangi mabehewa ya miwa.

"Ungekuwa wewe?" aliuliza mkewe.

Hadidja alirudisha karatasi mezani, akainyoosha pale ilipojikunja. "Zaïnabou anaanza darasa la pili," alisema.

"Anasemaje?" karani aliuliza.

"Anasema nitie sahihi."

Karani alikuwa amekwisha kuandaa kisanduku cha wino kwa ajili ya kidole. Mbaé alikisogeza pembeni kwa upole.

"Naomba kalamu."

Alipewa. Alianza upande wa kulia wa mstari, akaandika jina lake na la baba yake kwa mwandiko wa chuoni alikokaa hadi akahitimu Kurani: mwembamba, mwepesi, kila nukta mahali pake. Ulikuwa mwandiko mzuri, na mtu yeyote wa msikiti wake angelimtambua kwa huo tu. Akaweka kalamu chini.

Karani alivua miwani, akaivaa. Aliigeuza karatasi juu chini, akairudisha.

"Hii ni nini?"

"Jina langu."

Karani alimweleza meneja. Meneja aliinua mabega, akasema neno moja kwa sauti ya kuomba radhi.

"Wachapaji hawatajua kuisoma," alisema karani. "Usijali, si kosa. Weka tu kidole hapo chini, mambo yaishe."

Mbaé alimtazama Hadidja. Hadidja alikuwa anakunja bango. Alilikunja mara mbili, kisha mara ya tatu, likawa dogo la kuenea mfukoni.

Mbaé akabonyeza gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, chini ya jina lake. Lilikuwa gumba pana la mbeba mizigo, na lilikandamiza sana. Alipoliinua pakabaki alama nene, nyeusi, karibu duara.

Karani aliipuliza ikauke, akaisogeza kwenye mwanga, akaridhika.

"Sasa inasomeka," alisema.